Bega Lililoshuka Sentimita Mbili

"Umenivua nguo, Ruphin. Umenivua nguo mbele ya nchi nzima, kutoka Musina mpaka Cape Town, hata kitambaa cha kichwa haukuniachia. Sasa nikipita barabarani mpaka mbuzi wananicheka."

"Hillbrow haina mbuzi, Mama Falonne," alisema Ruphin. Alikuwa anatunga uzi kwenye sindano, kichwa hakuinua.

"Watawaleta. Watawaleta na lori, ju wanicheke."

Hiyo ilikuwa Jumamosi, saa nne asubuhi, dukani kwangu. Nikisema duka usifikirie vioo na masanamu yaliyovaa suti. Ni chumba kimoja ghorofa ya kwanza, chini yetu kuna spaza, kiduka cha mayai na vocha, ndani kuna vyerehani vitatu, kioo kirefu chenye ufa, na meza ya pasi niliyoitandika blanketi la kijivu. Mama Falonne jina lake hasa ni Jeannine, mtu wa Bukavu. Anauza vitenge anavyochukua Fordsburg kwa jumla. Harusi yoyote ya Wakongo ikitokea, yeye ndiye anayechagua kitenge cha sare, na mimi ndiye ninayeshona. Kwa hiyo mtu wa namna hiyo akija kukutukania fundi wako, unamvutia kiti.

Kiti alikikataa. Aliegemea meza ya pasi, kiwiko chote kikakaa juu ya blanketi. Na chini ya blanketi, pale pale penye kiwiko, ndipo lilipokuwa daftari alilokuwa akilitafuta wiki tatu.

"Mama, usiegemee hapo, meza ina moto," nikamwambia.

"Mimi nina moto kuliko hiyo meza, Papa Othmani."

Ruphin akanitupia jicho moja tu, akarudi kwenye sindano yake. Alijua daftari liko wapi. Na mimi nilijua kwamba anajua.

Sasa ili uelewe mambo ya daftari inabidi kwanza umjue huyu Ruphin.

Alikuja mji huu ana miaka tisa, na mama yake, kwa mabasi na malori kutoka Bukavu. Mama alikuwa anasuka nywele hapo chini kwenye kona. Mtoto alijua Kiingereza kabla mimi sijajua kuvuka roboti, zile taa za barabarani, bila kutukanwa. Alipofika miaka kumi na minne mama akampandisha ngazi, akamsimamisha mbele yangu. "Papa Othmani, huyu mutoto anakaa ndani anasoma tu, anaongea na ukuta. Mufundishe kazi."

Nikamtazama. Mwembamba, kucha safi, akigonga kiti anakiomba kiti samahani. Nikamshuku papo hapo. Mimi nina tabia hiyo, mtu akiomba samahani kabla sijajua kosa, naanza kulitafuta kosa. Tanga nilitoka na darasa la saba na hiyo tabia, na miaka ishirini na mbili Johannesburg imeinenepesha.

Kazi alijifunza haraka. Kwetu mmoja anapima na kutaja kwa sauti, mwingine anaandika. Kosa la kwanza la kila mwanafunzi ni kidole gumba. Anabana ncha ya futi kwa kidole, halafu anahesabu na kidole chenyewe. Kidole gumba cha mtu ni sentimita mbili, na sentimita mbili kwenye koti ni mteja anayerudi na kaka zake. Nilimkoromea mwezi mzima: "Pima mteja, usipime kidole chako." Akaelewa. Baada ya hapo sikuwahi kumkuta na kosa hilo tena, mpaka Jumamosi ninayokueleza.

Mwaka uliofuata kanisa la Mama Falonne likatuletea kazi ya kwaya ya vijana, makoti ishirini na mawili, rangi ya damu ya mzee. Vijana walikuja mmoja mmoja wakitoka shule. Mimi naandika, Ruphin anataja. Miongoni mwao alikuwamo Placide, mtoto wa shemasi, miaka kumi na mitano kama Ruphin, sauti nzito kama ya mtu mwenye mashamba. Ruphin akampima akafika mabegani, akapima tena.

"Taja," nikasema.

"Kushoto inashuka. Mbili."

Nikaenda kutazama. Kweli. Placide akasema aliwahi kuanguka kwenye lori akiwa mdogo, njiani kuja huku, mfupa ukaunga vibaya. Watu hawalioni bega kama hilo. Shati linaficha, na ukiongea na mtu unamtazama usoni. Mama mzazi anaweza asijue. Fundi anajua, kwa sababu bila sponji nene upande huo koti linalala kama limelewa. Nikaandika daftarini, kwa mkono wangu mwenyewe, mbele ya jina lake: kushoto inashuka 2.

Koti likaisha, likachukuliwa. Siku ya tatu Placide akarudi: mkono mrefu. Tukafupisha. Akarudi: sasa ni mfupi. Akarudi kifungo kimetoka. Akarudi tena kifungo, kingine. Mara sita amepanda ngazi zangu, na kila akija Ruphin anapata nguvu ya kushona iliyokuwa haipo asubuhi. Wanakaa pale dirishani, wanagawana gwinya moja, yale maandazi makubwa ya hapa, hawasemi kitu cha maana. Nikashuku. Na mimi nikishuku sikosei: nilijua wananiibia vifungo.

Nikaanza kuvihesabu. Kila jioni namwaga bati lote mezani, nahesabu, narudisha. Havikupungua. Siku moja kilizidi kimoja. Hapo ndipo nilipochanganyikiwa kabisa, maana mwizi anayeongeza sijawahi kumwona, si Tanga si hapa.

Maelezo nilikuja kuyapata miaka kumi na miwili baadaye, katika kitabu nitakachokueleza. Placide alikuwa anakikata kifungo mwenyewe kwa wembe, anakitia mfukoni, anakuja. Ruphin anamshonea kipya, na kile cha zamani wanakirudisha kwenye bati langu, kwa sababu walikuwa watoto waliolelewa vizuri.

Kilichotokea baadaye mtaa wote ulikisikia, isipokuwa jina la Placide, ambalo baba yake shemasi alilificha. Mtu wa kanisani aliwakuta kwenye ngazi wameshikana mikono. Mikono tu. Wakamwombea Ruphin siku tatu mfululizo, watu wazima saba wamemzunguka, wanamwamuru pepo atoke. Pepo hakutoka, nadhani aliogopa umati. Placide alipelekwa kwa mjomba wake Diepsloot kuuza duka. Mama yake Ruphin hakupiga kelele. Alianza tu kumpakulia mwanawe kwenye sahani ya peke yake. Mwezi mzima sahani ya peke yake, halafu siku moja akasahau, wakala pamoja, mambo yakaisha hivyo. Baadaye aliolewa Durban akahama, kijana akabaki kwangu.

Nikawa namtania, "Wewe na vifungo vyangu," na yeye anacheka kidogo. Zaidi ya hapo hatukuongea. Nchi hii sheria yao inamruhusu mtu kuoa amtakaye, lakini sheria hiyo huwa haipandi ghorofa yetu. Inaishia pale chini kwenye spaza.

Saa ya chakula Ruphin alikuwa anaandika. Anachukua mabaki ya karatasi ya kaki tunayochorea mitindo, anajaza nyuma. Miaka minne. Mimi nikadhani anawaandikia watu wa vibali, maana kila mtu ninayemjua hapa ana barua moja ndefu anawaandikia watu wa vibali. Mwezi wa tatu mwaka huu akaniwekea kitabu mezani. Kwenye jalada kuna koti limesimama lenyewe, ndani hakuna mtu. Jina lake kwa Kiswahili ni kama kusema Bega la Kushoto, na chini yake limeandikwa neno la riwaya.

"Riwaya ndiyo nini hasa?" nikamwuliza.

"Ni mambo yaliyotokea, Tonton, ila ukiulizwa unakataa." Tonton ndiyo mjomba kwao, ananiita hivyo tangu mdogo.

Na kweli alijitahidi kukataa. Majina yote alibadilisha. Kanisa alilihamisha mtaa. Mimi nimo, fundi mzee mwenye pua ndefu anayehesabu vifungo, na ananuka tumbaku, kitu ambacho nimeshaacha. Mama Falonne yumo, mwanamke ambaye yadi zake sita za kitenge hazijawahi kufika sita. Yule mvulana anaitwa Bega, basi, hana jina lingine. Ila Ruphin ni fundi. Muulize fundi jina la mteja wa mwaka jana, anakuna kichwa. Muulize kiuno chake, anakutajia hapo hapo. Kabadilisha kila kitu, vipimo akaviacha. Shingo thelathini na sita, kifua themanini na nane, bega la kushoto limeshuka mbili. Imeandikwa wazi, ukurasa wa kumi na tisa. Alidhani namba hazina sura.

Kitabu ni cha Kiingereza, na mama zetu Kiingereza chao ni cha kuuzia. Mama Falonne akamkamata Chloé, mwanawe mdogo, miaka kumi na sita, amezaliwa hapa, Kiswahili anakisikia chote ila kukijibu anakijibu nusu nusu. Wakakaa hapo dukani kwangu, mtoto anasoma kimya kurasa tatu, halafu anafasiri.

"Anasema kulikuwa na joto."

"Kurasa tatu za joto?"

"Ni Desemba, Mama."

Mama Falonne akaanza kushuku kurasa ambazo zinafasiriwa kwa ufupi. Alikunja pembe za hizo, akapeleka kitabu kwa mtu mwingine, ambaye hakuwa na haya. Ndani ya wiki moja bega likajulikana Hillbrow nzima.

Laiti ungewaona wanaume wa mtaa huu mwezi ule. Kila aliyewahi kuimba kwaya alikuwa anatembea ameinua bega la kushoto. Shemasi Ezéchiel, mtu wa miaka hamsini na mitano ambaye hata hesabu ya umri haimfikii, alipita dukani amelipandisha mpaka sikioni, kama mtu aliyebeba simu bila mikono. Walinzi wa usiku wanaobeba mikoba yao upande mmoja miaka kumi, wote wameshuka bega, wote wakaanza kuhamisha mikoba. Kina mama wanaleta vijana wao: "Papa Othmani, mupime huyu, anataka shati." Hakuna anayetaka shati. Na vijana wanasimama wima kama wanaimba wimbo wa taifa. Nilipima kumi na mmoja. Watano walikuwa wameshuka sentimita moja, mmoja amepanda. Mimi mwenyewe nilifunga mlango nikajipima kwenye kioo. Moja. Nikapumua.

Placide hakuwamo katika hao kumi na mmoja. Alirudi kutoka Diepsloot miaka minne baada ya kupelekwa, ana ndevu, salamu kwa Ruphin hana. Sasa ni msimamizi wa walinzi, ana gari la kampuni. Na tangu mwaka jana amemchumbia Falonne, binti mkubwa wa Mama Falonne, msusi, msichana mwenye adabu na vidole vya chuma. Harusi mwezi wa sita. Vitenge vya sare vimeshachaguliwa. Gauni la bibi harusi Ruphin amelishona mwenyewe, limening'inia hapo ukutani ndani ya nailoni.

Nami hapo ndipo nilipomshuku Ruphin vizuri. Kitabu mwezi wa tatu, harusi mwezi wa sita. Nikamwuliza, "Umemlenga?"

"Tonton, nilianza kuandika kabla hajajua hata jina la Falonne."

"Na ulimaliza lini?"

Akaenda kupiga pasi. Suruali ambayo nilishaipiga mimi.

Placide akaja Jumatano moja saa sita mchana. Ruphin alikuwa Fordsburg kununua bitana, na naamini Placide alijua. Akasimama mlangoni, kofia mkononi.

"Tonton, yale madaftari ya zamani unayo bado?"

"Umepoteza nini?"

"Hapana, nauliza tu."

"Watu wanaouliza tu huwa wanapiga simu. Hawapandi ngazi."

Akatazama cherehani cha Ruphin, halafu dirisha. Akasema, "Nampenda Falonne."

"Sikukuuliza, mwanangu."

"Najua. Lakini ni kweli."

Nikamwamini. Kitabu nacho nilikiamini. Hilo ndilo lililoniumiza kichwa, maana kwa kawaida nikishamshuku mtu mmoja napata nafuu.

"Yachome, Tonton," akasema. Akavaa kofia akashuka.

Sikuyachoma. Fundi hachomi madaftari yake, ndiyo wateja wenyewe. Nilichukua lile moja la mwaka wa kwaya nikaliweka chini ya blanketi la meza, nikawa napiga pasi juu yake kila siku. Ruphin aliporudi akaona blanketi limevimba. Akalitandaza vizuri.

Ndiyo tukafika Jumamosi, kiwiko cha Mama Falonne kiko juu yake, na mbuzi wako kwenye lori.

"Yadi nimekusamehe," alikuwa anamwambia Ruphin. "Andika hata nauza yadi tatu. Lakini mimi natoa mutoto wangu. Niambie huyo Bega ni nani."

"Ni riwaya, Mama."

"Riwaya haina sentimita." Akageuka kwangu. "Na wewe, daftari la kwaya bado limepotea?"

"Panya," nikasema.

"Panya wa Hillbrow wamejua kusoma." Akavuta pumzi. "Basi sikieni. Placide anakuja hapa sasa hivi kupimwa suti ya harusi. Nimemwita mimi. Ruphin atamupima mbele yangu, kwa sauti, mabega yote mawili. Kama ni yeye, harusi hakuna. Kama si yeye, sitauliza tena juu yake mpaka nife."

"Na nikikataa kumpima?" Ruphin akauliza.

"Basi nimeshajua."

Nilimwangalia yule mama kwa heshima mpya. Mtego mzuri, umeshonwa pande zote.

Wakasikika kwenye ngazi. Placide mbele, shati jeupe, limepigwa pasi mpaka linakwaruza. Falonne nyuma yake, bado ana mafuta ya nywele kwenye vidole, amemtoroka mteja. Chloé wa mwisho, na masikio yamezibwa na muziki.

"Shikamoo Papa Othmani," Falonne akasema. Kwao hawaamkii hivyo, ila ananifanyia kwa sababu mimi ni Mtanga, na ndiyo maana nampenda. Akamsalimia Ruphin, "Kaka." Placide aliusalimia ukuta.

"Pima," Mama Falonne akasema.

Kwa miaka kumi na miwili hawa wawili hawakuwahi kusimama karibu ya kufikiana mikono. Ruphin akavua futi shingoni, akasogea. Mimi nikafungua daftari jipya, kalamu ikakataa, nikaitikisa.

"Shingo, thelathini na tisa," akataja. Sauti ilikuwa ya kazi tu. "Kifua, mia na mbili. Kiuno, themanini na sita." Placide alikuwa anatazama kioo, kwenye ufa. Mkono, sitini na tatu, na yule wa kitabu hamsini na... hapana, nisidanganye, mikono ya kitabu siikumbuki. Nilichokuwa nakumbuka ni bega tu, kama wote mle ndani.

"Sasa mabega," Mama Falonne akasema. Aliondoa kiwiko mezani, akasogea kuona.

Bega tunapima hivi: ncha ya futi unaibana penye ncha ya bega, unashuka nayo moja kwa moja mpaka mkanda wa suruali. Kulia, halafu kushoto. Bega lililoshuka linatoa namba ndogo.

"Kulia, arobaini na nane."

Nikaandika. Ruphin akahama upande wa pili. Akaweka kidole gumba juu ya bega la kushoto la Placide. Chloé akatoa muziki sikio moja. Nikakiona kile kidole. Kilikuwa kimelala kizima juu ya mwanzo wa futi, na futi inaanzia nyuma yake, kwa hiyo nacho kinahesabiwa. Kosa la mtoto wa wiki ya kwanza.

"Kushoto," akasema. "Arobaini na nane."

Placide akafumba macho, akafumbua.

Mwezi mzima nilimkoromea asipime kidole chake, na mimi huyo huyo nikakiandika kidole daftarini, kwa mwandiko mzuri.

"Rudia," Mama Falonne akasema.

Akarudia. Kidole pale pale. Arobaini na nane, arobaini na nane. Mama akachukua daftari akasoma mwenyewe, akanirudishia. Ungetegemea afurahi. Alikaa kwenye kile kiti alichokikataa asubuhi, kama mtu aliyeambiwa basi lake limeshaondoka.

"Asante, fundi," Placide akamwambia Ruphin. Fundi, jina hakulitaja. Akasema gari ameliacha vibaya karibu na roboti, watamfunga gurudumu, akashuka ngazi mbili mbili.

"Basi kama si yeye ni nani?" Mama Falonne akaanza upya, na sauti ikarudi ilipokuwa. "Ruphin, nani? Mimi nitalala vipi? Nimebaki mifupa. Umenipiga picha uchi ukanibandika kwenye kila nguzo ya umeme. Kanisani nikisimama kutoa sadaka watu wanapima sadaka yangu na rula. Unijibu, mutoto. Kumi na nane kilo nimepoteza."

Kilo hizo mimi sikuziona zilikopotelea. Nilikuwa namtazama Falonne. Hakuwa amemwangalia mchumba wake wakati wote wa kupimwa, wala mama yake. Msusi anatazama vidole, hiyo ndiyo kazi yake kutwa nzima. Akaokota futi pale Ruphin alipoiachia, mezani, akalaza kidole gumba chake mwanzoni mwake.

"Changu kinafika karibu mbili," akasema, chini chini, chini ya sauti ya mama yake. "Chako?"

Ruphin akakificha chake ndani ya ngumi.

"Kitabu nimekisoma chote, Kaka. Sikumhitaji Chloé. Nimekisoma mara mbili." Alikuwa anaikunja futi polepole, kama wanavyokunja mkeka. "Sikuulizi ni nani. Hata wewe usiniambie kama alikuwa anakata vifungo mwenyewe. Umeandika vizuri, nimeelewa."

"Unasema nini huko?" mama akauliza.

"Naongea juu ya gauni, Mama." Akageuka kwenye ukuta, kwenye ile nailoni. "Hili umelishona wewe, kila lulu umeitia kwa mkono. Ulikuwa unajua, na ulikuwa unashona. Basi niambie kitu kimoja tu. Nilivae au nisilivae?"

Nikamwangalia Ruphin. Siku zile za bati la vifungo nilidhani nikimkazia macho mtu nitajua anachoficha. Nikamkazia, sikupata kitu. Sikujua kama alikuwa amemwokoa Placide, au amemlipiza, au alikuwa anashona gauni kwa sababu gauni lilihitaji kushonwa. Na Falonne je, kile kidole kilimtendea wema yeye, au kilimwibia? Mimi ndiye niliyekiandika.

"Nijibu, Ruphin," Mama Falonne akasema kutoka kwenye kiti chake, yeye bado anataka jina la Bega.

"Kaka," akasema Falonne.

Ruphin akaipokea futi kutoka mkononi mwa Falonne. Badala ya kuivaa akanivalisha mimi shingoni, akaiweka sawa pande zote mbili, mwisho huu na mwisho ule. Akachukua begi lake na karatasi zake zote za kaki, kama mtu asiyerudi Jumatatu. Akashuka ngazi.

"Unaenda wapi? Sijamaliza na wewe," Mama Falonne akamfuata kwa sauti mpaka mlangoni, halafu akarudi, akaegemea meza ya pasi, kiwiko pale pale.

Mimi na Falonne tukasogea dirishani. Chini, gari la Placide lilikuwa limesimama kabla ya roboti, na mwenyewe yuko ndani, hajaondoka. Ruphin akatokea chini ya turubai la spaza. Alipolikaribia gari, kioo cha upande wa dereva kikaanza kushuka, kidogo kidogo. Ruphin akalipita. Taa ya kuvukia ilikuwa nyekundu, akasubiri, mtu na begi lake. Ikawa kijani, akavuka, akashika njia ya stendi ya teksi.